Sinthesaiza za dijitali za miaka ya 1980: tunazidharau kwa sababu ya vitufe, si kwa sababu ya sauti

Mchango wa 1 (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Humu jukwaani kila anayeulizia kinanda cha zamani cha kurekodia hujibiwa kwa majina yale yale: Minimoog, Prophet-5, Jupiter-8, Juno-106. Sina ugomvi na vinanda hivyo. Ugomvi wangu ni na bei zake, ambazo kwa mpigaji wa Dar es Salaam au Mombasa anayelipwa kwa onyesho moja moja ni sawa na kuulizia bei ya kiwanja. Ninafungua uzi huu kulitetea kundi jingine, lile la sinthesaiza za dijitali, yaani vinanda vinavyounda sauti kwa hesabu za chipu, lililotengenezwa Japani na Marekani kuanzia mwaka 1983 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, likauzwa kwa wingi, kisha likaishia chini ya vitanda na kwenye stoo za makanisa. Hoja yangu ni moja: vinanda hivi vimekuwa rahisi kununua kwa sababu vinachosha kuviprogramu, na soko limevipangia bei kwa kutazama vitufe vyake badala ya kusikiliza kinachotoka kwenye spika.

Chanzo cha yote ni Yamaha DX7. Mwaka 1967, katika Chuo Kikuu cha Stanford, John Chowning alikuwa akijaribu kwenye kompyuta mtetemo mdogo wa sauti, ule ambao mwimbaji huuweka mwishoni mwa noti ndefu. Alipouharakisha mtetemo huo kupita pale sikio linapoweza kuufuata, hakusikia tena sauti inayotikisika. Alisikia sauti mpya yenye rangi yake. Huo ndio mwanzo wa FM, yaani wimbi moja kuyumbisha masafa ya wimbi jingine. Stanford iliipa Yamaha leseni, hataza ya Marekani ikatolewa mwaka 1977, na mwaka 1983 DX7 ikaingia madukani ikiwa na noti 16 kwa wakati mmoja na bei ya dola zipatazo 2,000. Kumbukeni kwamba Jupiter-8, iliyoitangulia kwa miaka miwili, ilikuwa na noti nane na iliuzwa kwa zaidi ya dola 5,000.

Neema hiyo ilikuja na balaa lake. Kinanda cha analogi, kile kinachounda sauti kwa saketi za umeme, kilikuwa na nobu kwa kila kazi, na mpigaji alijifunza kwa kuzungusha na kusikiliza. Kwenye DX7 nobu zote zilitoweka. Zilibaki safu za vitufe bapa, kitelezi kimoja cha kubadilishia thamani, na kioo kidogo cha mistari miwili, ilhali sauti moja tu ina vipengele zaidi ya 140, na kila kimoja hupitia mlango huo mmoja. Wapigaji wengi walikata tamaa ndani ya wiki ya kwanza na kubaki na sauti za kiwandani, hata piano ile ya umeme ya DX7 ikasikika katika nyimbo za mapenzi za muongo mzima hadi watu wakaichoka. Walipochoka waliilaumu mashine. Hakuna aliyejiuliza kama katika zile sauti ambazo hakuna aliyezitengeneza kulikuwa na kitu.

Sasa DX7 yenyewe imeanza kuheshimiwa tena, kwa hiyo sitaizungumzia sana. Ninaowataka ni wadogo zake. DX100 ya mwaka 1985 ina operata (vyanzo vya mawimbi yanayoyumbishana) nne badala ya sita, noti nane badala ya 16, vibonyezo vidogo visivyotambua nguvu ya kidole, na mwili wa plastiki. Ilionekana kitu cha mwanafunzi, lakini watayarishaji wa tekno wa Detroit waliipenda kwa besi zake ngumu. TX81Z ya mwaka 1987 ni kisanduku chembamba cha kufungwa kwenye raki, hakina kibonyezo hata kimoja cha kupigia, na hapa kuna jambo ambalo watu hawalijui: DX7, pamoja na ukubwa wake wote, hutumia wimbi la aina moja tu, lile laini la sine, ilhali TX81Z humpa kila operata maumbo manane ya kuchagua. Mdogo mtu alipewa kitu ambacho mkubwa hakuwahi kukiona. Sauti yake ya kiwandani iitwayo LatelyBass ilizunguka sana katika muziki wa klabu wa mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, na hadi leo mtu anaweza kuisikia kwa sekunde moja akasema "hii naijua" bila kujua imetoka wapi.

Kipenzi changu hata hivyo ni Casio CZ-101, nami nitakaa hapo kidogo.

Nilikikuta miaka kadhaa iliyopita kwenye duka la mitumba, katikati ya redio na pasi za umeme, na muuzaji aliniambia waziwazi kwamba ni cha watoto. Sikumlaumu. Kina vibonyezo 49 vidogo, kina vipini viwili vya kufungia mkanda wa kukivaa begani kama gitaa, na kinatumia betri sita kubwa za tochi. Lakini kilipotoka, miaka ya 1984 na 1985, kilikuwa miongoni mwa sinthesaiza za kwanza zenye noti nyingi na zinazoprogramiwa kikamilifu kuuzwa chini ya dola 500. Casio haikuwa na leseni ya FM, kwa hiyo wahandisi wake walipita njia ya pembeni. Mashine husoma wimbi laini lililohifadhiwa kwenye kumbukumbu, ila hailisomi kwa mwendo ule ule: hukimbia sehemu moja ya wimbi na kujivuta sehemu nyingine, wimbi linapinda, na kadiri linavyopinda ndivyo sauti inavyozidi kuwa kali. Mtu aliyezoea kufungua na kufunga kichujio, ile sehemu inayopunguza ukali wa sauti, kwenye kinanda cha analogi atadhani anasikia kitu kile kile, ingawa ndani ya CZ hakuna kichujio chochote. Ni hesabu tupu.

Uzuri wake mkubwa uko kwenye mwendo wa sauti. Vinanda vingi vya wakati huo vilikupa hatua nne za kueleza jinsi sauti inavyozaliwa, inavyotulia, inavyokaa na inavyokufa. CZ ilitoa hatua nane, na ikazitoa mara tatu: kwa kimo cha noti, kwa ukali wa wimbi, na kwa kiasi cha sauti. Kwa kuwa kila noti inaweza kuwa na njia mbili, unapata ramani sita za hatua nane nane ndani ya kinanda cha plastiki. Unaweza kutengeneza sauti inayoanza kama kengele, ikazama, ikarudi ikiwa na sura ya zumari, kisha ikaondoka taratibu, na yote hayo ukiwa umebonyeza mara moja tu.

Kawai K1 ya mwaka 1988 nitaipitia haraka. Kampuni ya Kawai ni ya Hamamatsu, mji ule ule wa Yamaha, na jina lake limejengwa kwa piano. K1 ina mawimbi 256 yaliyohifadhiwa kwa biti nane, yaani kwa usahihi mdogo wa kidijitali, haina kichujio, na ina kijiti cha kuchanganyia vyanzo vinne vya sauti. Kwa karatasi ni kinanda dhaifu. Masikioni ina vumbi na ukungu ambao siku hizi watu hununua programu ili kuuongeza kwenye sauti zao safi. Familia ya Roland D-10 na D-110 pia inastahili kutajwa, kwa sababu hubeba wazo lile lile la D-50 maarufu ya mwaka 1987: kumbukumbu ilikuwa ghali, sikio hutambua ala kwa kishindo chake cha mwanzo, basi hifadhi kishindo hicho tu na sehemu iliyobaki iundwe na mashine. Ensoniq ESQ-1 ya mwaka 1986, iliyobuniwa Pennsylvania na kampuni ya Bob Yannes, yule yule aliyebuni chipu ya sauti ya kompyuta ya Commodore 64, ina mawimbi ya dijitali yanayopita kwenye vichujio halisi vya analogi, na kioo chake ni kipana na kinasomeka. Ukiikuta kwa bei ya K1, lipa uondoke.

Na ule uchovu wa vitufe umekwisha. Kompyuta ya kawaida, waya wa MIDI (wa kubeba ujumbe kati ya kinanda na kompyuta), na programu ya bure kama Edisyn, ambayo inaitambua CZ, K1, K4 na jamaa ya Yamaha ya operata nne, vinakuwekea vipengele vyote mezani kwa pamoja. Kikwazo kilichoshusha bei kimeondoka, bei bado haijapanda kwa wote. Hapo ndipo pa kununulia.

Naomba kuwasilisha.

Mchango wa 2

Mkuu, uzi umetulia na nimejifunza mengi, ila kuna jambo halijakaa sawa. Unasema vitufe ndivyo vilivyoshusha bei, kisha dawa unayotupa ni kompyuta. Kama kompyuta tayari iko mezani, na programu ya Dexed, inayoiga DX7, inapatikana bure, na inasoma faili zile zile za DX7, kuna haja gani ya kubeba chuma cha miaka arobaini kinachohitaji fundi kila masika? Mimi hutayarisha muziki kwa kompyuta mpakato moja na vipokea sauti vya masikioni. Nikiweka Dexed na mwingine akaweka DX7 halisi chini ya ngoma na sauti ya mwimbaji, ninathubutu kusema hakuna msikilizaji wa redio atakayezitofautisha.

Mchango wa 3 (mwanzisha uzi)

Ndugu yangu, umenikamata mahali pazuri na sitajifanya sikuumia.

Kuhusu msikilizaji wa redio uko sahihi. Dexed imefanywa kwa umakini, na mimi mwenyewe huitumia ninapotafuta sauti za DX7 kabla ya kuzipeleka kwenye mashine. Tofauti zipo, kwa mfano DX7 ya kwanza hutoa sauti kupitia kigeuzi cha biti 12 chenye mchakaricho wake unaosikika noti zinapofifia, lakini kuijenga hoja yote juu ya mchakaricho huo itakuwa kujidanganya. TX81Z nayo ina kelele ya chinichini ambayo wengine huiita tabia na mimi huiita kelele.

Sababu yangu ya kwanza ni ya jukwaani. Programu nahitaji siku moja, nyumbani, ya kutengeneza sauti. Nikishazihifadhi ndani ya kinanda, kompyuta inabaki nyumbani. Kinanda kinawaka mara moja, hakiombi sasisho, hakidai leseni, na umeme ukikatika katikati ya wimbo kisha ukarudi, kitakuwa tayari kabla mpiga ngoma hajamaliza kulalamika. CZ-101 yenye betri haitajua hata kwamba umeme ulikatika.

Sababu ya pili ni ngumu kidogo kuieleza. Kwenye CZ-101, ukitumia njia zote mbili za sauti unabaki na noti nne kwa wakati mmoja. Nne tu. Ukishika kodi (noti zinazopigwa kwa pamoja) ya noti nne kwa mkono wa kushoto na kuongeza moja ya mkono wa kulia, mojawapo ya zile za kwanza hukatwa. Mwezi wa kwanza nilichukia. Nilikuwa nimelelewa kwenye vinanda vya kwaya ambako mtu hujaza vidole vyote kumi na kuita huo ni upigaji. Mwezi wa pili nilianza kujiuliza ni noti ipi ndani ya kodi ile ina kazi na ipi imekuja kuongozana na wenzake. Mpiga besi anashika mzizi, kwa hiyo mimi sina sababu ya kuurudia. Noti ya tano haibadilishi maana ya kodi, nayo inaweza kupumzika. Ninabaki na ya tatu na ya saba, na bado nina noti mbili za kupigia kiitikio. Kompyuta yenye noti zisizo na kikomo haikunifundisha hilo kwa miaka minane. Sisemi haiwezi kumfundisha mtu mwingine.

Kwa hiyo ninarekebisha hoja yangu: kompyuta imeondoa kikwazo cha kutengeneza sauti, haijaondoa mipaka ya kinanda chenyewe, nami ninaihitaji mipaka hiyo.

Mchango wa 4

Salaam, wakuu. Mimi ni fundi wa vifaa vya umeme, muziki siujui sana, lakini vinanda vya aina hii vinapita mezani kwangu na karibu kila mara kosa ni lile lile, kwa hiyo nitalisema ili mtu asipoteze pesa.

Japani hutumia umeme wa volti 100. Marekani ni 120. Sisi ni 230. Kinanda cha mtumba kilichotoka moja kwa moja Japani kikichomekwa ukutani kwetu kwa kubadilishiwa plagi tu, kinakufa mbele ya macho yako, na mara nyingine kinaondoka na moshi. Geuza kinanda, soma bamba la nyuma, kisha nunua transifoma ya kushusha umeme yenye uwezo wa kutosha. Vile vinavyotumia adapta ya nje, kama hiyo CZ-101, ni rahisi zaidi kwa sababu unachohitaji ni adapta ya volti 9, lakini hapo pia kuna mtego: Casio za zamani huweka hasi katikati na chanya nje, na adapta nyingi zinazouzwa barabarani ziko kinyume. Pima kwa mita kwanza.

La pili ni betri ya kumbukumbu. DX7 na D-50 zina betri ya CR2032 iliyochomelewa ndani, na ikifa sauti zote ulizotengeneza huondoka nayo. Kabla ya kuibadilisha, zihamishie sauti kwenye kompyuta kupitia MIDI. Waya za bei ya chini kabisa za MIDI kwenda USB hupoteza vipande vya ujumbe mrefu, na mteja huniletea kinanda akisema kimeharibika kumbe ni waya. Ukishabadilisha, weka kishikio cha betri ili mwenye kinanda baada yako asihitaji kuchomelea tena.

La tatu ni la sisi wa pwani. Hewa ya chumvi hula soketi, swichi na miguu ya chipu. Vibonyezo vinavyokataa kulia, mara nyingi raba iliyo chini yake imeshika uchafu tu. Fungua, safisha sehemu nyeusi na njia za shaba kwa spiriti safi na pamba, acha ikauke. Msitumie mafuta ya kulainisha milango. Nimeona.

Mchango wa 5

Vijana, nimewasoma kwa raha. Mimi nilipiga kinanda kwenye bendi za dansi na baadaye taarabu ya kisasa, wakati ambapo kinanda kimoja kiliingia jukwaani na kuchukua kazi za fidla na akodiani, na wazee wa taarabu ya asilia wakatununia kweli kweli. Nataka kuongeza jambo ambalo mwanzisha uzi amelipita, ingawa liko karibu na nyumbani kuliko Detroit.

Muziki wa mchiriku wa Dar es Salaam umejengwa juu ya vinanda vidogo vya Casio. Si CZ hii mnayoisifu. Ni vile vya chini zaidi, visivyoprogramiwa kabisa, vilivyouzwa kwa ajili ya sebule. Vijana wa uswahilini walivipitisha kwenye vikuza sauti chakavu na spika za honi, zile za kutangazia mkutano, wakavizungushia ngoma, na sauti iliyotoka hapo haikuwa tena ya sebuleni. Kundi la Jagwa Music, lililoanza mwaka 1992, liliipeleka sauti hiyo hadi kwenye majukwaa ya Ulaya, na watu wa huko walishangaa kifaa ambacho kwao kilikuwa kichezeo cha mtoto.

Jamaika nako ilikuwa hivyo. Casio MT-40 ya mwaka 1981 ilikuwa na mdundo wa kiwandani ulioandikwa "rock". Aliyeutunga ni Hiroko Okuda, aliyekuwa ameajiriwa na Casio mwaka mmoja kabla, na ambaye chuoni aliandika tasnifu yake kuhusu reggae. Mwaka 1985 mdundo huo ukapunguzwa kasi Kingston ukawa msingi wa wimbo wa Sleng Teng, na reggae ya dijitali ikafunguliwa mlango. Kwa hiyo mnapobishana kuhusu biti na vichujio, mkumbuke kwamba mara mbili mimi nimeona kinanda cha bei ya chini kabisa kikizaa muziki ambao kinanda cha bei ya juu hakikuuzaa, na mara zote mbili aliyekipiga hakukibadilisha chochote ndani. Alibadilisha kilichokizunguka.

Mchango wa 6 (mwanzisha uzi)

Shikamoo, mzee wangu. Umenifundisha, na ninakiri kwamba nilipita mbali nikaacha ya hapa. Ningeweka tofauti moja tu. Mchiriku na Sleng Teng vilichukua sauti ya kiwandani na kuitoa nje ya mazingira yake, ilhali mimi ninazungumzia mashine ambazo sauti zake za kiwandani ndizo zilizoziharibia jina, na zilizobaki na uwanja mkubwa nyuma yake ambao haujalimwa. Yote mawili yanaanzia mahali pamoja: kitu kimeshuka bei kwa sababu waliokidharau walikuwa wamekitazama tu.

Fundi, asante. Kwenye DX100, DX21 na DX27 kuna njia ya kuhifadhi sauti ambayo wengi wameisahau: zina tundu la kaseti. Kinanda hugeuza sauti ulizotengeneza kuwa mlio, mlio huo ukarekodiwa kwenye kanda, na kanda ikichezwa tena kinanda huzisoma. Leo kinasa sauti cha simu au kompyuta hufanya kazi hiyo, mradi faili iwe ya umbo lisilobanwa. Nina folda ya milio hiyo. Ukiisikiliza ni kama mashine ya faksi yenye mafua.

Kuna aliyeniuliza pembeni aanzeje kuiprogramu CZ bila kompyuta, nami namjibu hapa ili wengine wasome. Chagua njia moja tu ya sauti, uisahau ya pili. Chukua wimbi la msumeno. Ingia kwenye ramani ya ukali wa wimbi, hatua ya kwanza iweke ifike juu kwa kasi ya juu, hatua ya pili ishuke hadi karibu na sifuri kwa kasi ya katikati, na umalizie hapo. Tayari unayo besi. Sasa punguza kasi ya hatua ya kwanza na besi hiyo itageuka kuwa tarumbeta. Hilo peke yake linafundisha zaidi ya kitabu cha maelekezo. Ukilizoea, washa njia ya pili, iweke ile ile, na uipishe kimo kwa kiasi kidogo sana ili sauti mbili zianze kusuguana. Zile ramani za hatua nane usizijaze zote kwa sababu tu zipo. Sauti zangu nzuri zinatumia hatua tatu au nne.

Mchango wa 7

Habari zenu kaka zangu. Mimi ni mwanafunzi, nina kama shilingi 300,000, na ninahitaji kinanda cha kupigia kwaya ya vijana kanisani, pamoja na kujifunzia kutayarisha muziki. Kwa maelezo yenu nimevutiwa na hiyo CZ-101 au TX81Z. Nichukue ipi?

Mchango wa 8 (mwanzisha uzi)

Mdogo wangu, kwa kwaya usichukue hata moja. Kwaya inahitaji piano, ogani na nyuzi zinazoeleweka, vibonyezo vya ukubwa wa kawaida, na mwalimu wa kwaya asiyekusubiri utengeneze sauti. Noti nne za CZ-101 zitakuaibisha kwenye wimbo wa kwanza. TX81Z haina vibonyezo, kwa hiyo ungelazimika kununua kinanda kingine cha kuiendesha. Tafuta kinanda cha mtumba cha Yamaha cha jamii ya PSR kilicho kizima, chenye MIDI au USB nyuma, umalize shida ya kanisa. Kisha, siku ukipata pesa ya pembeni, TX81Z iunganishwe kwenye PSR hiyo hiyo. Kwa kuwa haina mwili mkubwa, hata kuisafirisha ni nafuu kuliko kinanda kizima.

Ukifika dukani, usikubali kuonyeshwa wimbo wa majaribio tu. Bonyeza kila kibonyezo kimoja kimoja, polepole kisha kwa nguvu, toka chini hadi juu. Bonyeza kila kitufe cha paneli na uone kioo kikiitikia. Tikisa kidogo plagi ya sauti kwenye tundu lake usikilize kama inakwaruza. Kisha badilisha sauti moja, ihifadhi, zima, subiri dakika mbili, washa, uitafute. Ikiwa imepotea, betri ya ndani imekufa, na hiyo ni sababu ya kupunguziwa bei, si ya kuondoka. Isipokuwa kwenye CZ-101: hiyo hutunza kumbukumbu kwa zile betri kubwa za tochi, na ikiwa muuzaji ameziondoa, hakuna kilichoharibika.

Mchango wa 9

Ahsante sana, kaka. Na hizo betri sita, akiziacha ndani miaka kumi?

Mchango wa 10 (mwanzisha uzi)

Fungua kifuniko cha betri kabla ya kitu kingine chochote. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye springi, muulize fundi wetu wa mchango wa 4 kabla hujatoa hata shilingi.